Fundi wa boti Kibirizi anauliza: afunge miezi miwili, au jambo lake limeshapita kafara?

#1 Mgebuka Mkavu

Wakuu, salaam. Niko Kigoma, nanunua dagaa pale Kibirizi na kuwapandisha Dar. Wenye utani wa "mwisho wa reli" naomba leo mpumzike, uzi huu si wa utani.

Pale mwaloni tuna fundi wa boti. Mtu mzima, miaka sitini na kitu, mkimya, anaitwa Fundi tu. Anakalafati mitumbwi na kubadilisha mbao zilizooza. Boti yoyote ikipita mikononi mwake haitoki bila kutundikiwa taa ndogo mbele. Hata kama hukuomba. Hata kama bado anakudai hela ya mbao. Miaka yote tulidhani ni ushirikina wake tu.

Juzi usiku tulikuwa wawili tunangoja mzigo uliochelewa, akanisimulia. Zamani alikuwa askari, huko ng'ambo. Jeshi gani, upande gani, mwaka gani, msiniulize, nimemwahidi. Walipewa kipande cha ziwa walinde. Amri ilikuwa moja: chochote kinachotembea majini baada ya saa mbili usiku bila taa ni adui. Hakuna kuita, piga. Usiku mmoja ukaja mtumbwi hauna taa. Yeye ndiye alikuwa lindo, ana bunduki ya mkanda. Alipiga mpaka mkanda ukaisha.

Kulipokucha maji yakaanza kuleta vitu ufukweni. Sufuria. Godoro limelowa. Ndala saba. Anasema alizipanga mchangani mstari mmoja, mkubwa wake akaja akamuuliza unafanya nini wewe, akajibu, "Natafuta jozi." Hakuna hata mbili zilizofanana.

Sasa yeye alisilimu baada ya kufika huku, anaswali Ujiji. Amesikia darasani kwamba aliyeua kwa kukosea anafunga miezi miwili mfululizo, ndiyo kafara yake. Anataka kujua kama yumo kwenye fungu hilo. Alitii amri, hakumwona mtu, hakuwa na ugomvi na mtu. Nikamwambia nina watu wa kuwauliza. Ndio ninyi.

#2 Kijana wa Gungu

Amri ni amri. Askari akianza kuchagua hii natii hii sitii, hilo si jeshi, ni kikoba. Dhambi ni ya aliyetoa amri. Mzee ale ugali wake na mgebuka alale. Wasimamizi fungeni uzi.

#3 Kombati Kuukuu

Wewe wa Gungu unazungumzia jeshi la kwenye simu.

Mimi nilikuwa mgambo. Mwishoni mwa 1978 tulipakiwa kwenye treni hapa Tabora hadi Mwanza, tukavuka ziwa kwenda Bukoba. Nina miaka 68 sasa, nafuga nyuki Urambo, sina sababu ya kujisifia. Naomba mnielewe kwanza kuhusu usiku. Usiku wa vitani si huu wenu wa kutafuta chaja. Kisiki kinatembea. Mbuzi anakohoa kama mtu. Kuna mwenzetu alimaliza magazini nzima kwenye mgomba. Asubuhi tukaukuta umelala na mkungu wake, tukacheka mpaka machozi, akaitwa Mkata Ndizi hadi vita inaisha. Miaka mingi baadaye ndipo nikajiuliza: na kama mgomba ule ungekuwa mama aliyetoka kuchota maji? Tungenyamaza wote. Mgomba unasimuliwa, mtu hasimuliwi. Kwa hiyo huyo Fundi kufungua kinywa tu, mimi namvulia kofia.

Lakini hiyo ya "amri ni amri" hapana. Sisi tulifundishwa *amri halali*. Lile neno la pili halikuwekwa kwa kupamba. Na tusijifanye malaika. Watu wa Amin waliua raia Kagera, wakaswaga ng'ombe, wakalipua daraja la Kyaka. Februari 1979 majeshi yetu yalipoingia Masaka mji ulibomolewa kwa mizinga na baruti, ni hasira ile ile. Mimi nilifika baadaye, nikakuta vifusi. Mwalimu alipopata habari alishtuka, ikashuka amri raia na mali zao wasiguswe tena. Na tulitii. Kumbe askari anaweza kutii amri ya namna hiyo vilevile, hakuna lindo lililoanguka kwa sababu yake.

#4 Wakili wa Miti

Mleta uzi, niweke la sheria kwa ufupi halafu nikuulize jambo.

La kwanza, ile amri yenyewe ni mbovu. Raia akivunja marufuku ya kutembea usiku hageuki kuwa askari. Anaweza kusimamishwa, kukamatwa, kupigwa faini. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva inasema ukiwa na shaka kama mtu ni raia au siyo, mhesabu raia. Amri ya Fundi iliigeuza shaka juu chini: ukiwa na shaka, piga. Aliyeiandika ndiye wa kwanza kizimbani, hapo niko na Kijana wa Gungu.

La pili, wa kwanza kizimbani hamtoi wa pili. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ibara ya 33, unasema amri ya mkubwa haimwokoi mtu, isipokuwa mambo matatu yakutane: alikuwa na wajibu wa kisheria kuitii, hakujua kwamba ni haramu, na uharamu wenyewe haukuwa wazi. Yote matatu kwa pamoja, moja likikosekana utetezi umekwenda.

Kwa hiyo kila kitu kinarudi hapa: Fundi alijua nini kabla ya kupiga? Umbali gani? Mwezi ulikuwepo? Alisikia injini au makasia? Alisikia sauti yoyote? Nenda kamuulize, maana tunabishana gizani.

#5 Mnyamwezi wa Cheyo

Wakili, sheria zako tamu, lakini mimi naishi Tabora, na mji huu umeona majeshi yakipita.

Septemba 1916 Wabelgiji waliingia hapa na askari wao kutoka Kongo, Wajerumani wakatoka. Kila upande ulibeba vita yake juu ya vichwa vya wapagazi. Hawakuwa na bunduki hao, wengi hawakuuliziwa hiari, walifungwa kamba wakatwishwa masanduku ya risasi. Waliokufa kwa njaa, kuhara damu na kuchoka ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kariakoo ya Dar imerithi jina la kikosi chao upande wa Waingereza, Carrier Corps, leo watu wanakwenda kununua mapazia. Sasa niambieni nani aliwahi kufunga hata siku moja kwa ajili yao. Machi 1919 jenerali wa Wajerumani hao, Lettow-Vorbeck, alipokewa Berlin kwa gwaride.

Halafu fundi masikini wa mitumbwi ndiye anahesabu ndala! Kwa kweli mimi sipendi mahali ambapo dhambi ya vita inamwangukia mwenye dhamiri tu, kwa sababu wenye dhamiri kwa kawaida ni wa vyeo vya chini. Koplo halali, jenerali anaandika kumbukumbu zake.

#6 Kijana wa Gungu

Mnyamwezi umemaliza. Na ongezeni hili: angekataa angepigwa risasi yeye. Nani kati yenu na vitanda vyenu angekubali?

#7 Wakili wa Miti

Nilijua litakuja. Kijana, soma kesi ya Dražen Erdemović, ni karibu neno kwa neno unalosema.

Huyu alikuwa askari wa miaka 23 kwenye jeshi la Waserbia wa Bosnia. Tarehe 16 Julai 1995 kikosi chake kilipelekwa shamba la Branjevo, yakaanza kuja mabasi ya wanaume na wavulana waliotekwa Srebrenica. Wakashushwa kumi kumi. Alipokataa aliambiwa kama anawaonea huruma akasimame nao, apigwe pamoja nao. Akapiga. Alikiri mwenyewe, na mengi ambayo mahakama ilijua juu yake ni yale aliyoyasema kwa mdomo wake, huku analia.

Rufaa iliamuliwa The Hague, kwenye mahakama ya kimataifa ya iliyokuwa Yugoslavia, Oktoba 1997. Majaji watano, wakagawanyika watatu kwa wawili. Watatu wakasema: askari hawezi kusafishwa kabisa kwa kuua wasio na hatia, hata kama alishikiwa bunduki, ila tishio lile linapunguza adhabu. Wawili wakapinga, na mmoja wao, Cassese, hoja yake ilikuwa ngumu kuijibu: watu wale wangekufa hata Erdemović angekufa nao, sasa sheria inamtaka afe ili apatikane nani? Mwisho alipewa miaka 5.

Mimi kila nikiisoma nabadilisha kambi. Ila tazameni jambo moja, hakuna jaji hata mmoja kati ya watano aliyesema "hakuhusika". Wamebishana kama tishio linaweza kumfutia hatia au linapunguza adhabu tu. Na Fundi wetu, kwa ninavyosoma, hakushikiwa bunduki. Alikuwa peke yake lindoni. Angeweza kupiga juu, asubuhi akasema nimekosa shabaha. Askari wangapi duniani wamewahi kukosa shabaha kwa makusudi, hatutajua, na Mungu awabariki.

#8 Kombati Kuukuu

Wapo. Naishia hapo.

#9 Mgebuka Mkavu

Wakuu, nimerudi. Nimechelewa kwa sababu mawimbi yalikuwa makali, na kwa sababu nyingine nitakayoisema.

Nilimpelekea maswali ya Wakili. Akajibu yote taratibu huku anasokota pamba ya kuzibia. Mwezi haukuwepo. Umbali kama kutoka gatini hadi kwenye ule mwembe wa kwanza. Makasia, si injini. Hapo nikafurahi, nikaona basi, hakuona kitu, ni kosa.

Nikanyanyuka kuondoka, ndipo akasema: "Kulikuwa na jogoo."

Jogoo aliwika ndani ya mtumbwi. Mara moja tu, likakatika katikati, kama mtu kamshika shingo. Kisha kimya, makasia yakasimama. Anasema alikaa na kidole pale, akihesabu, nadhani alifika kumi au kumi na tano. Akawaza, watu wanaokuja kupigana hawabebi jogoo. Anasema aliliwaza hilo kwa maneno kabisa, kama anavyosema nami. Halafu akawaza, na kama ni hila? Na kesho nikiulizwa kwa nini hukupiga? Akapiga.

Nisameheni, nilikuwa najua tangu ule usiku wa kwanza kwamba kuna jambo kalibakiza, nikaogopa kuuliza. Hiyo ndiyo sababu nyingine.

Nimekaa nalo siku nne. Mawazo yangu ni haya, mnirekebishe. Amri ilimfunga mikono labda, masikio haikumziba. Zile hesabu kumi na tano zilikuwa zake, si za kamanda. Simwiti muuaji, ni rafiki yangu na bado nakunywa kahawa naye. Lakini nikimwambia "hukujua" nitakuwa namdanganya, na yeye ndiye wa kwanza atakayejua kwamba nimemdanganya.

#10 Kijana wa Gungu

Dah.

#11 Ng'ambo ya Ziwa

Nimesoma hii mara tatu, sikutaka kuandika.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo. Tulivuka mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na miaka tisa, tukafikia Kigoma halafu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mnauliza kwa nini mtumbwi hauna taa. Kwa sababu ukiwasha taa wanakuona. Ukizima wewe ni adui, ukiwasha wewe ni shabaha. Yule aliyetoa amri alijua hivyo, alikuwa mtoto wa ziwa kama sisi.

Mwenye mtumbwi wetu alitukagua kabla ya kupanda. Watoto wachanga walinyonyeshwa pale pale ufukweni hadi wakalala. Na alikataza kuku. Bibi yangu alikuwa na mitetea yake na jogoo mmoja kwenye tenga, alikuja nayo kwa miguu siku mbili. Akaambiwa aache. Alilia kuliko alivyoililia nyumba. Sisi watoto tulidhani mwenye mtumbwi ni mtu mbaya, anataka kuwala yeye.

Leo ndiyo nimeelewa aliwakataza kwa nini. Pengine alishasikia habari ya mtumbwi mmoja.

Kuhusu hukumu, Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikuja Baraka yenyewe, kwetu, kumhukumu luteni kanali wa jeshi na askari wake kwa ubakaji uliofanyika mjini Fizi siku ya mwaka mpya. Kanali alipata miaka 20. Na wadogo wake nao walifungwa, hawakuambiwa mliagizwa tu nendeni. Ndugu zangu waliokwenda kusikiliza walisema kitu kilichowashangaza si ile miaka. Ni kumwona amesimama, anaulizwa maswali, anajibu.

Mwambie Fundi sina la kumsamehe kwa niaba ya mtu. Lakini aendelee kuweka taa.

#12 Mzee wa Katubuka

Nichomeke dogo la fidia kabla halijasahaulika. Mwaka 1973 askari wa Burundi walivuka mpaka wakaua watu kwenye vijiji vyetu huku Kigoma, wakisema wanafuata waasi. Wafanyakazi wa bandari wakaigomea mizigo ya Burundi, ikalala. Haikupita muda Rais Micombero akakubali kulipa fidia. Nilikuwa kijana, nakumbuka watu wakibishana barazani kama roho ina bei. Marehemu baba akasema haina, ila asiyelipa kitu atarudi kesho.

#13 Ustaadh wa Kaskazini Ujiji

Assalaam alaykum. Nimeitwa kwenye uzi huu na watu wawili inboksi. Mimi ni mwalimu wa madrasa, si mufti. Nitasema ninachokijua, kilichobaki apelekwe kwa Kadhi.

Suratun-Nisaa aya ya 92 inazungumzia aliyeua kwa kukosea: kuacha huru mtumwa, na diya, yaani fidia ya damu, kwa jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe, na asiyepata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Aya ya 93 inazungumzia aliyekusudia, na humo hamkutajwa kufunga, umetajwa moto. Ndiyo maana huyu mzee anahangaika. Anasoma aya mbili zinazofuatana, hajui yeye anakaa kwenye ipi.

Mafakihi wana fungu la katikati, mfano wa kusudi. Mtu amekusudia kitendo, hakukusudia kuua aliyemuua. Lakini hilo jogoo linamtoa hapo, nami sitampunguzia. Sayyidna Abubakar alipotuma jeshi Shamu aliwausia wasiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee, wasikate mti wenye matunda. Usia huo walipewa wapiganaji kabla ya vita, ndani ya amri. Waliotoa amri ya ziwa hawakuutoa, dhambi hiyo ni yao. Ila Fundi alijikumbusha mwenyewe kwa lile wazo la jogoo, kisha akalipita.

Sasa sikilizeni. Sisi huku ni watu wa madhehebu ya Shafii. Kwetu kafara ni wajibu hata kwa aliyeua kwa kukusudia, na hoja yao ni kwamba huyo ndiye mwenye haja nayo zaidi. Kwa hiyo swali la afunge au asifunge ni jepesi kuliko mlivyodhani. Afunge. Hata kama hajui ni fungu gani.

Mazito ni mawili. Diya: aliyekosea hubebewa na ukoo wake, aliyekusudia hutoa mfukoni mwake, na hapa warithi hawajulikani. Hilo ndilo la Kadhi. La pili, kila roho ina kafara yake. Walikuwa wangapi?

Na asianze ovyo. Miezi miwili mfululizo isikatwe na Ramadhani wala Idi. Aanzie Mfungo Nne (Muharram), amalizie Mfungo Tano (Safar).

#14 Mnyamwezi wa Cheyo

Ustaadh, na jenerali afunge mingapi?

#15 Ustaadh wa Kaskazini Ujiji

Akija kuniuliza nitamjibu. Hajaja.

#16 Mgebuka Mkavu

Wakuu, wiki tatu zimepita, samahani kwa kimya.

Nilikaa naye jioni nzima nikamsomea uzi wote kwenye simu, kuanzia wa Gungu hadi Ustaadh. Kwa Kombati Kuukuu alicheka, ule mgomba. Kwa yule mvulana wa Branjevo alinyamaza, akauliza kama bado yuko hai, nikasema nasikia aliachiwa. Posti ya Ng'ambo ya Ziwa aliomba niirudie. Nikairudia. Akauliza, "Bibi aliacha kuku wangapi?" Nikamwambia haikuandikwa.

Kwa Kadhi tumekwenda pamoja, ya huko ni yake, siyaweki hapa.

Hesabu ameifanya mwenyewe. Nilimwambia ndala saba zinaweza kuwa za watu wanne. Akanitazama kama mtu asiyejua kuhesabu. "Hakuna jozi," akasema. Watu saba. Miezi miwili kila mmoja, kila mwaka Mfungo Nne na Mfungo Tano, kwa sababu zaidi ya hapo mwili hauwezi na kazi ya nyundo. Miaka saba. Ameshika vidole akaongeza umri wake, akaona inatosha, kama Mungu akipenda.

Jana nimepita kuchukua dagaa. Alikuwa chini ya boti ya mtu wa Mwamgongo, na mwenye boti amesimama juu anafoka kwamba hakuagiza taa, taa inamwongezea nini, na hailipi. Fundi anagonga tu.